Nati Iliyozidi

Alikuja Jumanne, theluji ingali begani,
kofia mkononi kama mtu aliyefika kuhani msiba,
akaweka ufunguo juu ya meza yangu, akasema:
"Mlango wa kushoto una nyenje."

Gari lilikuwa na siku kumi na moja.
Viti bado vimevaa nailoni,
na ile harufu ya gundi na upya ambayo watu huilipia
bila kuiona kwenye risiti.
Kipya kinyemi, walinena wahenga, kingawa kidonda;
na kazi yangu mimi, hapa Trnava, dirisha la pili,
ni kumshawishi mwenye kidonda kwamba ni kinyemi.

Nikaandika: Vendelín Hrubý. Kelele. Mteja anadai.
Hilo neno, "anadai", tumefundishwa.
Hatuandiki "anasikia".

Fundi akalizungusha gari mtaa mmoja, redio ikiimba.
Nikajaza: Hali ya kawaida. Tabia ya gari.
Nikampa kahawa ya mashine
na kalamu yenye nembo.

Akarudi Ijumaa.
Safari hii na sarafu ya senti hamsini:
akaipitisha kwenye mwanya wa mlango wa kulia, ikapita bila kugusa;
wa kushoto, ikakwama.
"Sikuja kwa hili," akasema. "Hili nimelisamehe.
Nimekuja kwa nyenje."
Nikamwambia mwanya umo ndani ya kiwango.
Kiwango cha nani, hakuuliza. Alinitazama tu
kama mtu atazamavyo saa ya ukutani iliyosimama.

Mara ya tatu hakuketi.
"Binti, miaka thelathini na minne
nilitembea kando ya treni usiku, na nyundo ya mpini mrefu,
nikigonga gurudumu moja moja.
Zima hulia. Lenye ufa hunong'ona.
Nimewahi kuwasimamisha watu mia tatu usingizini
kwa sababu ya mnong'ono mmoja.
Hakuna aliyeniambia ni tabia ya treni.

Sitaki fidia. Kalamu ninayo.
Nataka mtu aketi nami garini, azime redio."

Saa yangu ya chakula ilikuwa imefika.
Nikavaa koti.

Barabara ya kwenda Smolenice, mashamba meupe, kimya.
Kilomita ya tatu sikusikia kitu.
Ya nne, tulipovuka reli,
tik. Halafu tik, tik,
mlio mdogo, wa adabu, kama mtu abishaye hodi
akiwa ameshaambiwa hakuna mtu nyumbani.

Hakusema "umesikia?"
Akawasha tu taa ya kukunjia, akageuza gari.

Oto aliufungua mlango saa tisa na nusu.
Waya, sponji, plastiki, na chini kabisa, kwenye kona,
nati moja ya milimita kumi.
Tukahesabu za mlangoni: kila moja mahali pake.
Hakuna iliyopungua.
Hii ilizidi.

Nikaifumba kiganjani, nikamkumbuka Radko,
mdogo wangu, zamu ya usiku, idara ya milango,
sekunde hamsini na nane kwa mlango mmoja,
na mkanda haumngoji mtu apige chafya.
Hurudi alfajiri, akalala na viatu.
Labda ni yeye. Labda siye.
Sikumpigia simu.

Fomu ina kisanduku cha hitilafu, cha kipuri, cha muda,
na safu ya nyota tano.
Kisanduku cha pole hakuna.
Nikaiandika pembeni, kwa mkono, mwandiko ukapanda juu ya nembo.
Meneja akauliza nani ameidhinisha.
Nikamwonyesha nati. Akasema hilo silo jibu.

Nje, mzee hakuingia garini mara moja.
Alivua glavu, akaugonga mlango
kwa kifundo cha kidole, mara moja,
akainamisha kichwa.

Ukalia.